Vitone vya maji ya chumvi ndani ya mwali wa leza: shajara ya kupima mvutano wa uso

Lita moja ya maji iliyotulia chomboni inagusana na hewa kwa eneo dogo tu. Igawe lita hiyohiyo kuwa vitone vyenye nusukipenyo cha maikromita 8, na jumla ya nyuso zake inafika mita za mraba 375. Mawingu, rasharasha za bahari na dawa zinazovutwa kwa pumzi zote ni vitone vya namna hii, na mengi yanayovipata huanzia usoni. Hata hivyo, vipimo vingi tunavyovitegemea kuhusu uso wa vimiminika vimefanywa kwenye vyombo.

Hapa tunapima kitone chenyewe kikiwa hewani, hakiguswi na kitu isipokuwa hewa na mwanga. Swali ni moja: sabuni ikiongezwa ndani ya kitone, je, mvutano wa uso (nguvu inayoubana uso wa kimiminika usitanuke) unashuka kama unavyoshuka chomboni? Mimi na mwenzangu tunaandika kila hatua inapokamilika ili anayetaka kujenga mtambo kama huu asikwame tulipokwama.

11 Januari. Leza na sanduku

Tumechagua leza ya kijani yenye urefu wa wimbi wa nanometa 532, inayowaka mfululizo bila mapigo. Leza za nanometa 1064 zinapatikana kwa urahisi na zina nguvu kubwa, lakini maji hufyonza mwanga huo mara mia kadhaa zaidi ya ule wa kijani. Kitone kinachopashwa joto na mwanga unaokishika huvukiza, na hapo tungekuwa tunapima athari za leza yetu wenyewe.

Njia hii si ngeni. Arthur Ashkin alionyesha mwaka 1970 kwamba mwanga unaweza kusukuma na kunasa chembe ndogo, na mwaka 1975 yeye na Joseph Dziedzic wakaelezea matone ya kimiminika waliyoyafanya yaelee hewani kwa leza. Mtego wa mwali mmoja uliobanwa sana, ambao ndio tunaoufuata, ulitangazwa mwaka 1986. Ashkin alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2018 kwa kazi hiyo.

Kabla ya kitu kingine chochote tumejenga sanduku jeusi juu ya meza nzima na kung'oa vipande vya kutazamia vya hadubini. Hakuna anayetazama kwa jicho; kila kitu kinaonekana kupitia kamera. Miwani ya kuzuia nanometa 532 inavaliwa na kila aliyemo chumbani, si yule anayerekebisha vioo peke yake, kwa sababu mwali hurushwa na kitu chochote king'aacho, hata bisibisi. Kupanga vioo kunafanywa kwa nguvu ndogo kabisa ya leza. Nawaomba wanaoiga mradi huu wasiruke aya hii: jicho likiungua halirudi.

25 Januari. Kunasa kitone cha kwanza

Mtego una lenzi ya hadubini ya kuzamishwa kwenye mafuta, inayokuza mara 100, iliyoelekezwa juu. Juu yake kuna kioo chembamba, na juu ya kioo kuna kichumba kidogo. Nebulaiza ya kawaida ya dawa inapuliza ukungu wa maji ya chumvi kichumbani, na kitone kinachopita karibu na kitovu cha mwali kinavutwa na kushikwa hapo.

Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Kilichotokea ni kwamba ndani ya sekunde chache kioo kilijaa matone yaliyotua, kila moja likawa lenzi ndogo, na kitovu cha mwali kikavurugika. Kupunguza ukungu hakukusaidia, maana vitone vya kunaswa navyo vilipungua. Dawa yake ilikuwa kuloweka vioo usiku kucha kwenye sabuni ya kusafishia vyombo vya maabara, kisha kuviacha vikauke bila kuvifuta. Kioo kilichotayarishwa hivyo hakiachi matone yasimame. Maji yanatandaa na kuwa utando mmoja laini ambao mwali unapita bila kuharibika. Kuna gharama yake: tayari tumetupa pakiti nzima ya vioo, na utando ule una sabuni, kwa hiyo ni lazima kitone kishikwe mbali na kioo kisiuguse kamwe.

Hapo likaja tatizo la pili. Lenzi ya mafuta ina nafasi finyu sana ya kufanyia kazi, na kioo cha unene wa kawaida, takriban milimita 0.17, kilimeza karibu nafasi yote. Tulihamia vioo vyembamba zaidi, vya takriban milimita 0.1. Huvunjika kwa kubanwa kidogo tu, lakini kitone sasa kinakaa juu kiasi cha kutosha.

Jambo la tatu linawachanganya wengi: kuongeza nguvu ya leza kulifanya vitone vitoroke. Mwanga una nguvu mbili juu ya kitone. Moja inakivuta kuelekea mahali mwali ulipo mkali zaidi, nyingine inakisukuma kufuata uelekeo wa mwali. Mwali wetu ulikuwa mwembamba mno kabla ya kuingia kwenye lenzi, haukujaza tundu lake la nyuma, na hivyo haukubanwa vya kutosha. Msukumo ukaushinda mvuto, kitone kikapaa. Tuliutanua mwali kwa lenzi mbili hadi ukajaza tundu lote, na tangu hapo miliwati kumi hadi ishirini zinazofika kwenye kitone zinatosha.

16 Februari. Unyevu wa hewa

Kitone cha maji ya chumvi hakikai na mkolezo uliochanganywa chupani. Kinavukiza hadi mkolezo wake ulingane na unyevu wa hewa inayokizunguka. Mmumunyo wetu wa chupani una nusu moli ya chumvi kwa lita, yaani gramu 29. Kwenye unyevu wa asilimia 90, kitone kinatulia kikiwa na takriban moli 2.65 kwa lita. Maana yake kila kilichoyeyushwa ndani yake kimekolea zaidi ya mara tano. Hesabu hii itarudi baadaye, na ndiyo iliyoamua matokeo yote.

Unyevu tunautengeneza kwa kuchanganya nitrojeni kavu na nitrojeni iliyopitishwa kwenye maji. Mwanzoni gesi ilipita kwa kasi ikawa inakokota vitone nje ya mtego. Tulipopunguza kasi, unyevu ukawa unachukua muda mrefu kutulia, na kipimo cha unyevu kilichofungwa kwenye mdomo wa kutokea kikawa kinasoma kitu tofauti na kinachotokea karibu na kitone. Taa ya kuangazia kamera ndiyo ilikuwa chanzo: ilipasha kichumba joto kidogo, na kwenye unyevu wa juu badiliko dogo la joto linabadilisha unyevu sana. Tumeihamishia mbali na kuwekea chujio la joto, na kila kitu kinaachwa kimewaka saa moja kabla ya kazi kuanza.

Bado vipimo vya unyevu vya bei ya chini haviaminiki vikizidi asilimia 90. Tumeacha kubishana navyo. Kitone chenyewe ni kipimo bora, kama inavyoelezwa hapa chini.

9 Machi. Kujua ukubwa wa kitone

Mvutano wa uso utakaokokotolewa unategemea nusukipenyo kwa kipeo cha tatu. Kosa la asilimia moja kwenye ukubwa ni kosa la asilimia tatu kwenye jibu. Picha ya kamera haitoshi kabisa.

Tunatumia mwanga uleule unaokishika kitone. Sehemu ndogo sana ya mwanga huo inarudi ikiwa imepoteza nishati kwa kutikisa molekuli, jambo ambalo C. V. Raman aliligundua mwaka 1928. Kwa leza ya nanometa 532, mtikiso wa vifungo vya oksijeni na haidrojeni vya maji unaonekana karibu na nanometa 650. Ndani ya kitone duara, mwanga huo unazunguka kwa kufuata ukingo wa ndani, na pale ambapo mzunguko mmoja unalingana na idadi kamili ya mawimbi, unajiimarisha. Hivyo juu ya kilima kipana cha maji kunasimama vilele vyembamba vyenye ncha kali. Nafasi za vilele hivyo zinatoa nusukipenyo kwa usahihi wa nanometa chache, na zinatoa pia kiasi ambacho kimiminika kinapinda mwanga. Kutokana na hicho tunapata mkolezo wa chumvi, na kutokana na mkolezo tunapata unyevu wa hewa pale pale kitone kilipo. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za mtambo.

Kilichotusumbua kwanza ni mng'ao mpana uliofunika kilima chote. Tulishuku leza, tukashuku chumvi, kumbe ni mafuta ya lenzi: yalikuwa yanang'aa yakipigwa na kijani. Mafuta ya aina isiyong'aa yalimaliza tatizo. Wakati huohuo chujio la kuzuia nanometa 532 lilikuwa limewekwa mshazari kidogo na kupitisha mwanga wa leza hadi kwenye spektromita, kifaa kinachotenganisha mwanga kwa rangi zake; kulinyoosha kulitosha.

Kilichochukua wiki nyingi zaidi ni programu ya kulinganisha vilele na nadharia ya Gustav Mie ya mwaka 1908 kuhusu jinsi chembe duara inavyotawanya mwanga. Kitone cha maikromita 8 kina mawimbi mia moja na kidogo kwenye mzunguko wake, na ukihesabu 107 mahali pa 106, programu bado inapata jibu linaloonekana safi, lenye kosa la karibu asilimia moja kwenye ukubwa. Dawa ilikuwa mambo mawili. Kwanza, tumeiambia programu kwamba maji hupinda mwanga wa kila rangi kwa kiasi tofauti kidogo. Ukichukua namba moja kwa rangi zote, hesabu hukubali jibu la uongo kwa urahisi. Pili, jibu lolote linalodai mkolezo wa chumvi usiowezekana kwa unyevu uliopo linakataliwa papo hapo.

30 Machi. Vitone viwili viwe kimoja

Mvutano wa uso tunausoma kwenye mtetemo. Vitone viwili vikiungana, umbo linalotokea si duara. Linarefuka na kufupika hadi litulie. Lord Rayleigh alionyesha mwaka 1879 kwamba kasi ya mtetemo wa tone inatokana na mvutano wa uso, densiti na ukubwa. Ukivijua viwili vya mwisho, cha kwanza kinapatikana.

Mwali umegawanywa kwa prizimu kuwa miwili, na kioo kinachozungushwa taratibu kinasogeza mtego mmoja kuelekea mwingine. Vitone viwili vya maikromita 6.3 kila kimoja vinatoa kimoja cha maikromita 8. Kwa maji ya chumvi kwenye unyevu wa asilimia 90, hesabu inasema kitatetemeka mara 166,000 hivi kwa sekunde, na mtetemo utafifia ndani ya sehemu kumi na kidogo za milioni ya sekunde. Ni mizunguko miwili au mitatu tu ya kuonekana.

Tulirekodi mwanga unaorudi kwa fotodiodi, inayogeuza mwanga kuwa umeme, na osiloskopu, inayochora umeme huo unavyobadilika, na kwa muda mrefu tukawa tunaona kilima kimoja laini kisicho na mtetemo wowote. Fotodiodi ilikuwa na kasi ya kutosha. Kikuza ishara nyuma yake ndicho kilichokuwa kimewekwa kwenye ukuzaji wa juu kabisa, na vifaa hivyo hupoteza kasi kadiri vinavyokuza. Kukishusha ngazi mbili kulileta mawimbi, yakiwa yamezama kwenye kelele. Badala ya kuongeza ukuzaji tena, tuliongeza mwanga: lenzi ya kukusanyia ikasogezwa, na kipande cha kuzuia mwanga uliorudishwa na kioo kikawekwa katikati ya njia. Osiloskopu sasa inaamshwa na mruko wa ghafla wa mwanga wakati wa kuungana, na inahifadhi pia kilichotokea kabla ya mruko huo.

20 Aprili. Chumvi peke yake

Kabla ya sabuni tulitaka jibu linalojulikana. Chumvi huongeza mvutano wa uso wa maji kidogo; kwa mkolezo wetu unatakiwa kuwa karibu milinyutoni 77 kwa mita, dhidi ya 72 za maji matupu.

Majibu ya kwanza yalikuwa ya juu kidogo na yenye kutawanyika. Sababu ilikuwa kwamba tulipima ukubwa kabla ya kuungana na kukokotoa ukubwa wa baadaye. Vitone viwili vilivyokaa kwenye mitego tofauti vinaweza kuwa na mkolezo unaotofautiana kidogo ikiwa kimoja kimeingia karibuni. Sasa tunasubiri vilele vya vyote viwili viache kusogea, tunaviunganisha, kisha tunapima ukubwa wa kitone kilichotokea. Majibu yamesogea mahali pake. Bila hatua hii, kila kinachofuata kingekuwa na shaka.

4 Mei. Sabuni ya kwanza, na hakuna kilichobadilika

Sabuni yetu ni Triton X-100, ambayo haifyonzi mwanga wa kijani. Chomboni, takriban milimoli 0.2 kwa lita zinatosha kuujaza uso na kuushusha mvutano hadi karibu milinyutoni 31. Ukizidisha hapo, molekuli zinaanza kujikusanya zenyewe kwa zenyewe ndani ya maji.

Tuliweka milimoli 0.05 kwa lita kwenye chupa. Kwa kukolea mara tano na kidogo, kitone kina takriban 0.26. Kwa mizani ya chombo uso umejaa kabisa. Mtetemo ulibaki uleule wa maji ya chumvi, au tofauti yake ilikuwa ndogo kiasi cha kupotea ndani ya mtawanyiko.

Dhana ya kwanza ilikuwa kwamba sabuni haijapata muda wa kufika usoni. Tulishika vitone kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuviunganisha, hakuna kilichobadilika. Baadaye hesabu iliiua dhana hiyo: molekuli ya ukubwa huu inahitaji chini ya sekunde moja kusafiri kutoka katikati ya kitone cha maikromita 8 hadi ukingoni. Dhana ya pili ilikuwa kwamba sabuni inang'ang'ania kwenye nebulaiza. Tuliisuuza kwa mmumunyo uleule na kutupa ukungu wa mwanzo. Ilikuwa tahadhari nzuri, na tumeibakiza, lakini matokeo hayakusogea.

25 Mei. Uso unakula kilichomo ndani

Jibu lilikuwa kwenye ile namba ya mita za mraba 375.

Uso uliojaa Triton X-100 unabeba takriban moli 2.9 kwa kila mita za mraba milioni moja. Zidisha kwa 375, na utaona kwamba kufunika tu nyuso za lita moja ya vitone vya maikromita 8 kunahitaji milimoli 1.1 hivi, hata kabla ya molekuli moja kubaki ndani. Sisi tulikuwa na 0.26. Hata kama kila molekuli ya sabuni ingekimbilia usoni, ingefunika chini ya robo yake. Na uso uliofunikwa robo tu unashusha mvutano kwa milinyutoni mbili hivi, kiasi ambacho mtambo wetu hauwezi kukitofautisha na kelele.

Chomboni hali ni tofauti kwa sababu maji yaliyo chini ya uso ni hazina isiyopungua: uso ukichukua sehemu yake, mkolezo wa ndani haustuki. Kitone hakina hazina hiyo. Kundi la Bryan Bzdek na Jonathan Reid wa Bristol lilionyesha jambo hili kwa njia hii ya kuunganisha vitone, wakachapisha mwaka 2020. Tulikuwa tumeisoma kazi yao kwa ajili ya vifaa, na sasa tumerudi kuisoma kwa ajili ya kemia.

Kwa hiyo tulipandisha chupa hadi milimoli 0.5 kwa lita, yaani 2.65 hivi ndani ya kitone. Hapo uso unapata sehemu yake yote na ndani kunabaki akiba. Mtetemo ulipungua kwa namna isiyohitaji takwimu kuuona: mawimbi kwenye osiloskopu yalitanuka wazi. Hesabu ilitabiri mara 107,000 kwa sekunde kwa kitone cha maikromita 8, na vipimo vimejipanga kuzunguka namba hiyo.

Tahadhari moja kwa wanaoiga. Vitone viwili vinavyolingana vikiungana, eneo la uso linapungua kwa karibu asilimia 21 kwa kufumba na kufumbua. Uso uliokuwa umejaa tayari unabanwa zaidi, na sabuni haina muda wa kurudi ndani kabla mtetemo haujaisha. Kwenye vitone vilivyojaa, basi, mvutano tunaousoma unaweza kuwa chini kidogo ya ule wa uso uliotulia. Kwenye vitone visivyojaa tatizo ni dogo, kwa kuwa karibu sabuni yote iko usoni kabla na baada.

15 Juni. Kati ya uso mtupu na uso uliojaa

Kama hesabu ya Mei ni sahihi, kuna jambo ambalo chombo hakiwezi kulionyesha hata kidogo: mmumunyo mmoja kutoka chupa moja utoe mivutano tofauti kulingana na ukubwa wa kitone. Kitone cha maikromita 6 kinahitaji karibu milimoli 1.45 kwa lita ili kujaza uso wake, wakati cha maikromita 8 kinatosheka na 1.1.

Tuliweka milimoli 0.16 kwenye chupa, yaani 0.85 hivi ndani ya kitone, na kuunganisha vitone vya ukubwa mbalimbali. Mwelekeo upo: vitone vikubwa vina mvutano mdogo zaidi, vidogo vinakaribia maji ya chumvi matupu. Ni kwa sababu hii nashikilia kwamba mkolezo ulioandikwa kwenye chupa hausemi kitu kuhusu uso wa kitone hadi nusukipenyo kiandikwe kando yake.

Mtawanyiko bado ni mkubwa kuliko ninavyotaka, hasa kwa vitone vidogo, ambavyo mtetemo wao ni wa haraka na unafifia mapema. Gharama kubwa ya hatua hii imekuwa lenzi: chumvi ilipenya kwenye ukingo wake baada ya kioo chembamba kuvunjika wakati mtambo unafanya kazi, na haikusafishika. Ya pili sasa imevishwa pete ya mpira inayozuia maji kufika huko.

Hatua inayofuata ina sehemu mbili. Tutabadilisha kikuza ishara kwa chenye kasi zaidi ili vitone vya chini ya maikromita 6 visomeke. Kisha tutaweka utando wa asidi ya oleiki juu ya kitone na kupitisha ozoni kidogo, tukifuatilia kifungo maradufu kati ya kaboni mbili kinavyotoweka kwenye mwanga wa Raman wakati ozoni inakikata. Bomba la kuondoa ozoni chumbani limeshafungwa. Kifaa cha kuizalisha hakitawashwa hadi kipimo chake cha hewa nacho kiwe kimefungwa ukutani.